Msalaba getini hautoshi, ulizeni mtoto anayefeli anafanywaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nikizidisha maneno punguza tu unavyoona, ila usinikatie pale kwenye habari ya watoto kuhamishwa, maana hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Msimu wa kutafuta shule umefika. Ukitoka stendi ya Kange kuja mjini kila nguzo ina bango, Mtakatifu huyu, Mtakatifu yule, Malaika nani, picha ya watoto wamevaa sweta (Tanga hii yenye joto, sweta la nini jamani), chini wameandika malezi ya Kikristo, taaluma ya hali ya juu, nafasi zilizobaki ni chache. Wazee walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, lakini siku hizi hata kizuri kinajitembeza kwahiyo kwa bango huwezi kujua kitu. Mie ni mwalimu wa shule ya Jumapili usharikani kwetu, sina cheo kingine, na kila ikikaribia mwisho wa mwaka wazazi wananijia baada ya ibada, mama hebu tushauri, huyu anaingia la kwanza, huyu kamaliza la saba, tumpeleke shule gani ya kanisa. Nikiwauliza wenyewe wanataka nini jibu ni lilelile, Kiingereza, ufaulu na maadili. Ada wanaiuliza kwa sauti ya chini.

Swali ambalo kwangu mie ndilo la kwanza silisikii, yaani mtoto akishindwa darasani hiyo shule inamfanyaje.

Nina sababu ya kung'ang'ania hapo. Mtoto wa dada yangu alikuwa sekondari ya kanisa, sio ya hapa Tanga na jina sitalitaja, na kanisa lenyewe pia sitalitaja maana najua mtaanza kusema wale ndio zao, wakati mambo haya yapo kwa wote. Aliingia kidato cha kwanza kwa kufaulu intavyuu yao wenyewe, ada inalipwa kwa awamu bila usumbufu, kijana mpole, kwaya anaimba, ibadani anahudumu. Kufika kidato cha tatu hesabu na fizikia zikamwelemea. Shule ilikuwa na wastani wake, 45, asiyefika anakariri darasa au atafute pa kwenda. Yeye akapata 43 na pointi zake. Wakati wa kufunga shule mama yake akaitwa ofisini akakabidhiwa barua ya uhamisho imeshapigwa muhuri, ndani imeandikwa mzazi ameomba kumhamisha mtoto wake. Mzazi gani aliyeomba? Dada alikuwa hajui hata kama mtoto yuko hatarini. Alipolalamika akaambiwa mama mbona fomu ulisaini wakati wa kujiunga, na kweli ilikuwepo, katikati ya godoro inchi nne, ndoo mbili, jembe na fagio, sentensi moja inasema mwanafunzi asiyefikia wastani wa shule hatoendelea. Nani anasoma pale, wote tunakimbilia kuona orodha ya vitu ili tujue tunaenda kununua nini.

Yule kijana akaja kumalizia shule ya kata huku kwetu, akapata divisheni three, sio ya kutamba na sio ya kuaibisha. Na matokeo yalipotoka ile shule yake ya zamani ikapandisha bango jipya, hakuna foo (yaani divisheni ya nne), hakuna ziro. Ni kweli kabisa hakuna, waliokuwa wapate foo walishatolewa.

Sasa Mhariri, juu ya geti la shule ile wameandika Kumcha Bwana ni chanzo cha maarifa. Na kwenye Luka 15 mwenye kondoo mia anawaacha tisini na kenda nyikani anamfuata mmoja aliyepotea, ila shule zetu zimegeuza, anatolewa yule mmoja ili tisini na kenda wapate wastani wa kupendeza kwenye bango. Mie nasema shule ikifanya hivo, hata iwe na misa kila asubuhi na masista watano, mzazi asiipeleke pesa yake pale kwa sababu ya malezi ya Kikristo. Apeleke kwa sababu nyingine akitaka, ni haki yake, ila asijidanganye kuhusu hiyo.

Na sio kwamba serikali imenyamaza. Wizara imeshakataza zaidi ya mara moja shule binafsi kumkaririsha au kumhamisha mtoto eti hakufika wastani wa shule. Baraza la Mitihani nalo Januari 2023 lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022 likaacha kabisa kutangaza zile shule kumi bora, watu wakanuna, magrupu ya WhatsApp yakawaka moto, wakatengeneza orodha zao wenyewe. Hapo ndipo wakuu wa shule wanapotushika pabaya sisi wazazi. Mmoja aliniambia waziwazi, mama, nikiwabakiza wale wadhaifu nyinyi wenyewe mwakani mtahamia kwa jirani mwenye divisheni wani nyingi. Sina jibu zuri la kumpa kwa kweli. Tunaisema biashara ya wastani lakini wateja ni sisi.

Kwahiyo mzazi afanyeje? Kuna njia moja haina gharama zaidi ya bando na nawaambia wote wanaonijia. Ingia tovuti ya Baraza la Mitihani, matokeo ya miaka ya nyuma yapo pale shule kwa shule. Usiangalie asilimia, angalia idadi ya watahiniwa. Kwa sekondari fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya 2022, tafuta shule yako, hesabu waliofanya, alafu fungua kidato cha nne ya 2024, shule ileile, maana ni watoto walewale. Kwa msingi chukua upimaji wa darasa la nne 2021 linganisha na la saba 2024. Tuseme kidato cha pili walikuwa 90 na cha nne wamefanya 88, hao wawili pengine wazazi walihama kikazi au ada ilishindikana, kawaida. Lakini ukikuta 90 wamebaki 60 na ufaulu ni asilimia mia, nenda kamuulize mkuu wa shule wale 30 wako wapi, na muangalie usoni wakati anajibu. Kuna wengine mtoto hahamishwi ila anasajiliwa afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kingine, anakula na kulala palepale shuleni lakini alama zake hazihesabiki kwao. Ulizeni na hilo.

Fanya miaka miwili mitatu ya nyuma, sio mmoja, maana mwaka mmoja unaweza kuwa na jambo lake. Na kama mkuu wa shule anakasirika kwa kuulizwa basi umeshapata jibu, rudi nyumbani. Nimewahi kukutana na mkuu mmoja, sista, alitoa daftari mwenyewe akatuonyesha jina kwa jina, huyu alihamia Mwanza na wazazi wake, huyu aliugua, huyu tulimshindwa kwa utovu wa nidhamu na hiki ndio kikao tulichokaa na mzazi wake. Ufaulu wa shule ile wala sio wa kutangazwa redioni, ila mie ningempeleka wangu kesho.

Tuje bweni. Wapo wazazi bado wanataka kumpeleka mtoto wa la pili bweni, wanasema aende akalelewe na masista. Mwanzoni mwa 2023 kamishna wa elimu alitoa waraka kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka la nne, kwahiyo shule inayokupokelea mtoto wa la tatu kulala pale kwa mlango wa nyuma, hata kama ni ya kanisa lako, imeshakuonyesha inavyochukulia sheria. Kuanzia la tano ndio mnaweza kuzungumza. Na mkizungumza msiishie kuonyeshwa vitanda vimetandikwa, siku ya wageni kila kitanda kimetandikwa. Ulizeni matroni ni nani, ana watoto wangapi wa kuwaangalia, analala wapi, chumba kimoja na watoto au ng'ambo ya uwanja. Mtoto akipandisha homa saa nane usiku anapelekwa wapi na nani ana funguo za gari. Anaruhusiwa kupiga simu nyumbani siku gani, na akipiga nani amekaa pembeni anasikiliza. Sisemi kwa ubaya, lakini watoto wameharibiwa mabwenini, wa kike na wa kiume, na wanaoharibu hawana alama usoni, wengine wanajua kuomba kuliko sisi. Shule nzuri haikasiriki ukiuliza hivi, ina utaratibu na itakueleza.

Viboko. Hapa Wakristo wenzangu wengi watanipinga, watanitolea ile Mithali ya fimbo, sawa. Mie sijasema mtoto asiguswe kabisa. Nasema kuna kanuni za serikali, zilirekebishwa 2002, viboko visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Basi omba uone kitabu. Shule nyingi kitabu hakipo au kipo cheupe kabisa wakati ukipita dirishani unasikia fimbo zinalia. Kitabu hicho hakina siri, ni cha kisheria.

Dini yenyewe sasa, ambayo ndio tunasema tumeifuata. Sisi Walutheri mtoto anatakiwa apate mafundisho ya kipaimara, kwetu ni miaka miwili, na umri wake ni huohuo wa sekondari za chini. Sasa unampeleka bweni shule ya Wakatoliki au ya Walokole, hao hawamfundishi kipaimara cha kwako, likizo ni fupi na nusu yake anaitwa kambi, matokeo yake mtoto amesoma shule ya Kikristo miaka minne ametoka hajabarikiwa na mchungaji wake hamjui. Limetokea usharikani kwetu, mtoto anakuja kukaa na wadogo zake kwenye benchi la kipaimara ana ndevu. Muulizeni mkuu wa shule, watoto wa madhehebu mengine mnawafanyaje? Shule zingine zinamruhusu mchungaji wa jirani aje mara moja kwa wiki, inawezekana kabisa wakitaka. Wasabato ndio wanaopata taabu zaidi, wana Jumamosi yao na shule imepanga mitihani ya kujipima Jumamosi asubuhi, hapo mtoto achague sabato au alama, ana miaka kumi na mbili.

Na tusisahau hapa ni Tanga. Kwenye shule zetu za kanisa wapo watoto wengi tu wa majirani zetu Waislamu, wazazi wao wamefuata Kiingereza na nidhamu, ada wanalipa kuliko sisi wenye kubembeleza punguzo kwa mchungaji. Jirani yangu wa Ngamiani aliniuliza, shoga, wakimlazimisha mwanangu kuimba nyimbo zenu itakuwaje. Nikamwambia nenda kaulize kabla hujalipa, na wakikwambia hatulazimishi waulize kipindi cha dini anakaa wapi, maana kuna shule kumlazimisha hawamlazimishi ila wanamtoa akafagie uwanja. Ijumaa je? Mwezi wa Ramadhani kama yuko bweni futari na daku atapata jikoni? Shule inayojiita ya Kikristo hapa pwani tabia yake utaijua kwa namna inavyomtendea mtoto asiye wake, kuliko kwa urefu wa sala ya asubuhi.

Mambo haya kwetu si mageni, waandishi wa historia wanayajua. Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga miaka ya 1890 waliiacha bila mafundisho ya dini, kwa sababu wazazi wa pwani hawakuwa tayari kupeleka watoto misheni, na wakati huo Waanglikana wa misheni ya UMCA walishakuwa Magila huko Muheza siku nyingi. Baadae baada ya uhuru serikali ikachukua shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, ndio maana Minaki iliyokuwa ya Waanglikana na Pugu ya Wakatoliki aliyofundisha Mwalimu Nyerere leo ni za serikali. Hizi tunazoziona sasa nyingi ni za baadae, zimejengwa kwa wafadhili kidogo na kwa harambee zetu sana. Hapo ndipo pa kushikilia. Tumetoa matofali, tumetoa mifuko ya saruji, akina mama wamepika maandazi wakauza kwa ajili ya jengo la maabara, alafu shule imesimama mtoto wa yule yule mama muuza maandazi anaambiwa hana wastani. Tuna haki ya kuuliza, tusiwe wanyonge tukifika ofisini kwa mkuu eti kwa sababu kavaa kola.

Wenye uwezo wanaangalia milimani. Usambara kuna shule za makanisa zenye jina la miaka mingi, Kifungilo ya wasichana, Soni ambayo ni seminari, Lwandai ya Walutheri kule Mlalo. Huko sweta lina kazi. Ila seminari tuelewane, ni kwa ajili ya vijana wanaofikiria upadri, wanapitia kwa paroko wao, sasa kuna wazazi wanamlazimisha mtoto aseme ana wito ili apate shule nzuri. Mtoto anafundishwa na wazazi wake mwenyewe kudanganya mbele ya padri, kisha tunategemea nini.

Kwa msingi mie sina haraka ya kumpeleka mtoto mbali hata kidogo. Mtoto wa la kwanza anaamshwa saa kumi alfajiri, gari la shule linampitia saa kumi na moja na robo Pongwe huko, anazungushwa mji mzima kuokota wenzake, analala kichwa kinagonga kioo, jioni anarudishwa giza linaingia ana kazi za nyumbani za masomo matano. Huyo atasali na wazazi wake saa ngapi, atamjua baba yake siku gani? Kama karibu na nyumbani kuna Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, yenye mwalimu mkuu makini na mtoto anakuja shule ya Jumapili bila kukosa, na mzazi jioni anakaa nae nusu saa na kitabu cha Kiingereza, mie simuonei huruma mtoto huyo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, unachookoa kwenye ada weka kwa ajili ya sekondari, ambako ndiko lugha inabadilika yote kuwa Kiingereza na mtoto anahitaji shule yenye walimu wa kutosha. Najua wapo watakaosema Kayumba darasani wako mia, ni kweli kuna shule wamejaa hivo, nendeni mkahesabu wenyewe kabla ya kuamua, msiamue kwa sifa ya jina tu huku wala kule.

Ada nipite haraka. Iliyoandikwa kwenye bango sio utakayolipa. Kuna fomu, kuna intavyuu, sare zinauzwa palepale tu na shati moja bei ya matatu ya sokoni, gari, chakula, rimu, kambi ya madarasa ya mtihani, mahafali, mchango wa jengo. Omba karatasi ya mwaka mzima yenye muhuri, na lipia benki, usimpe mtu mkononi hata akiwa mwinjilisti.

Walimu pia. Usimuulize mkuu kama ana walimu wazuri, atakwambia ndio. Muulize mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili ana muda gani hapa. Kama kila mwaka anabadilika ujue mishahara inachelewa au kuna maneno ndani. Mama ntilie wa getini anajua zaidi ya bodi ya shule, kunywa chai pale umsikilize.

Jambo jingine ambalo naona wazazi hawajalishtukia. Kwa utaratibu mpya wa elimu, shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Mtoto aliyeanza mtaala mpya akiwa la tatu 2024 anamaliza la sita 2027, mwaka huohuo na la saba wa utaratibu wa zamani, alafu wote wanaingia kidato cha kwanza 2028. Vidato vya kwanza viwili kwa mara moja. Sekondari za kanisa zenye nafasi chache zitafurika maombi, na kwa nilivyoona zikifurika ndio mchujo unakuwa mkali na ndio hizo sentensi za wastani zinaongezeka kwenye fomu. Mwenye mtoto wa rika hilo asisubiri bango, aende kuuliza shule inaongeza mikondo au haiongezi, na aombe kuisoma ile fomu ya kujiunga kabla, yote, mpaka karatasi ya godoro.

Nina ombi kwa viongozi wetu wa dini, maaskofu na makatibu wa elimu wa majimbo na dayosisi, maana kuna hata Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii tangu 1992 ambayo shule hizi ni sehemu ya kazi yake, kwahiyo msiseme hakuna pa kuanzia. Kila shule ya kanisa itoe kila mwaka namba mbili tu, walioingia kidato cha kwanza ni wangapi na waliofanya kidato cha nne miaka minne baadae pale pale shuleni ni wangapi. Isomwe kanisani kwenye matangazo kama inavyosomwa sadaka. Za msingi nazo vivyo hivyo. Na ile sentensi ya wastani iondolewe kwenye fomu, ibaki kwamba mtoto akishuka mzazi ataitwa mapema, muhula wa kwanza, sio siku ya kufunga shule na barua mkononi.

Na kwako Mhariri, matokeo yakitoka gazeti lako linajaza kurasa na picha za vijana wamebebwa juujuu. Endeleeni, watoto wamefanya kazi. Ila pembeni ya jina la shule wekeni na idadi ya kidato cha pili cha miaka miwili nyuma, mwandishi wenu atazipata kwa nusu saa pale tovutini, na kama mnaona ni kazi mie nitawatafutia za mkoa wa Tanga wote bure.

Mzazi na mwalimu wa shule ya Jumapili,
Chumbageni, Tanga